Saa Niliyomvalisha Baba

Same,
Jumapili, 21 Oktoba 1990

Dada yangu mpendwa Rogathe,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tukuyu, wewe na shemeji, pamoja na mpwa wangu Ikupa, ambaye Mama ananiuliza kila wiki kama meno yake ya mbele yameshaota, kana kwamba mimi naishi naye nyumba moja. Sisi huku tunavuta pumzi. Upepo wa Same unaufahamu: ikifika saa nne asubuhi meza yangu pale stendi imeshakuwa nyekundu kwa vumbi, na mimi mwenyewe nimekuwa rangi ya meza. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua anaposhuka bondeni. Kile kitenge ulichotuma kilifika salama. Amekivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo, mpaka mke wa mchungaji akamuuliza kama ni sare ya kwaya mpya.

Sasa nikueleze sababu ya kuandika, maana najua ukiona barua yangu ndefu unaanza kuogopa. Baba ndiye aliyenituma. Jana nilipanda nyumbani Mhezi kama kawaida yangu ya Jumamosi, na baada ya chai akaniita kwenye benchi la nje, akaniambia nikishuka Same nikuandikie. Anaomba wewe, kwa kuwa ni muuguzi na unakaa karibu na madaktari, umtafutie dawa ya kusahau. Anasema lazima viwepo vidonge vya namna hiyo kwenye hospitali kubwa. Ameniagiza nikueleze kwamba kichwa chake kimeanza kumkimbia, na kwamba nisikufiche kitu, kwa kuwa mganga akifichwa hawezi kutibu.

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema. Ningeweza kuishia hapo, nitie stempu, niende zangu. Lakini Dada, usiulizie hizo dawa kwanza. Soma mpaka mwisho.

Nianze na ndiva, maana huko kwenye mvua za kila siku unaweza ukawa umesahau jinsi huku maji yanavyoweza kuwatenganisha ndugu. Ndiva yetu iko palepale chini ya msitu, na ukuta wake wa mawe na udongo tunaukarabati kila mwaka. Maji yanajaa usiku kucha, asubuhi tundu linafunguliwa, yanashuka mferejini kwenda mashambani kwa zamu, kila shamba saa moja kamili. Na yule aliyeshika mti wa kuzibulia tundu ni Baba, tangu mwaka ule aliporudi kutoka kwenye mkonge. Miaka ishirini na mitatu, Dada. Walibadilika mabalozi, wakabadilika wachungaji, wakabadilika wenyeviti wa kijiji, mti ukabaki mkononi kwa Baba. Wengine walijua kupima maji kwa kivuli na kwa kubishana, yeye alikuwa na saa.

Ile saa unaijua kuliko mimi. Yule Mgiriki wa shamba la mkonge alimwachia alipokuwa anafunga mizigo yake, kwa kuwa Baba ndiye aliyekuwa akimpimia muda wa vitoroli. Ya chuma, nzito, yenye vifungo viwili ubavuni na vile viduara vitatu vidogo usoni, kimoja cha sekunde, kimoja cha dakika, kimoja cha kuhesabu masaa. Unabonyeza cha juu, mshale mrefu unaondoka. Unabonyeza tena, unasimama. Unabonyeza cha chini, yote inarudi mwanzo kwa mpigo mmoja. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwomba uivae Jumapili mchana, ukitushika viganja na kutuhesabia mapigo ya moyo, ukimaliza watu unahamia kwa mbuzi. Baba alikuwa akisema saa ile ndiyo iliyokupeleka uuguzi. Na alipokuwa akigawa maji alizoea kuwaambia watu kwamba saa yake haijui mjomba wala shemeji, na kweli haikujua. Mama mwenyewe aliwahi kukatiwa maji huku jembe liko mkononi.

Mwezi wa tano ilisimama. Baba alishuka nayo Same, ameifunga kwenye leso mara tatu, akaniwekea mezani mbele ya watu. Akatamka kwa sauti, ili wauza machungwa wote wasikie, kwamba alikuwa akingoja siku saa yake itakapotibiwa na mwanawe mwenyewe. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nikamwambia wiki mbili tu.

Lazima uelewe hali yangu ilivyokuwa. Wakati ule wa foleni za sabuni na sukari mimi nilikuwa mtu wa heshima hapa mjini. Mwenye saa aliitunza kama yai, kwa kuwa hakujua angepata wapi nyingine. Vipuri havikuwepo, basi nilikuwa natoa gurudumu kwenye saa iliyokufa nalitia kwenye iliyo hai, na watu waliniita daktari. Tangu biashara ilipofunguliwa, mitumba imetandazwa kwenye maturubai, redio zinapiga kelele kila duka, na saa za namba kutoka Dubai zinauzwa stendi kama karanga. Ikifa betri, mtu anatupa ananunua nyingine. Vipuri vya saa za mishale bado havipo. Zamani havikuwepo kwa kuwa nchi haikuwa na fedha za kigeni; sasa havipo kwa kuwa hakuna anayevitaka. Nilikaa miezi mizima bila kufungua saa hata moja, na mwisho nikaanza kuziuza hizo za namba mwenyewe, kwenye meza ileile ya ufundi. Kwa hiyo Baba aliponiletea saa yake, niliona kama nimerudishiwa kazi yangu.

Wiki mbili zilipopita nilimwambia tunasubiri kipuri kutoka Nairobi. Hakunilaumu. Ila zamu za maji zilikuwa zinaanza na hakuwa na cha kupimia, basi nikapanda Mhezi na saa ya namba, mpya, nikamvalisha mwenyewe mkononi.

Nazijua saa hizi mbili kwa undani, na nataka uzijue pia. Ile ya chuma ilitaka kutiwa ufunguo kila asubuhi, na ilikuwa ikichelewa dakika moja, pengine mbili, kwa siku, Baba akiisahihisha kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari. Hii ya plastiki huisikii mkononi kwa wepesi, ina kitaa kama cha kimulimuli, inalia kila saa mpya inapoingia, na kwa mwezi haipotezi hata nusu dakika. Nikisema kama fundi, hii ya bei ya chee inajua wakati kuliko ile. Lakini saa ya mishale ukiitupia jicho unaona yaliyopita na yaliyobaki, kama unavyoona sahani ya ugali umekula kiasi gani. Namba inakuambia ilipo sasa hivi, basi. Tena kwenye mishale Baba alikuwa akisoma upande wa pili bila kufikiri, saba ya Kizungu ikawa saa moja yetu. Kwenye namba ilimbidi atoe sita kila mara, na miwani yake imezeeka kama yeye. Akaniambia hayo ya kutoa sita atawaachia wanafunzi. Nimwonyeshe tu kifungo cha kuanzia kuhesabu na cha kusimamishia, kwa sababu kazi yake ni kupima saa moja ya maji. Nikamwonyesha. Akaishika kwa mkono mwingine, akaibonyeza, akacheka jinsi namba zinavyokimbia.

Mwezi wa tisa, siku ya zamu yetu, ulikuwepo ukungu mzito kutoka mlima Shengena, jua halikuonekana kabisa. Baba alifungua maji ya shamba letu, akabonyeza saa, akashuka kuufuata mfereji kutazama kama umepasuka. Aliukuta umepasuka mahali pawili, akaziba kwa nyasi na udongo, akapanda taratibu kwa umri wake. Alipofika ndivani akatazama saa, akaona dakika ishirini na kitu. Akakaa kungoja saa moja itimie, akaziba. Aliyefuata alikuwa mama Stumai, yule mjane wa jirani mwenye watoto wanne. Baba alipomfungulia, maji yalitoka kidogo, yakaisha. Maharage yake yalikuwa kwenye maua, na zamu nyingine ilikuwa baada ya siku nane. Maua yote yalidondoka.

Mama Stumai si mtu wa fujo. Alikwenda kwa katibu wa kamati ya maji, huyu kijana Bartholomeo, akamwambia kwamba alisikia kengele ya mapumziko ya shule na akasikia ya kutawanyika kwenda kula, na muda wote huo maji yalikuwa shambani kwa mzee Eliufoo. Akaongeza kwamba hata zamu mbili za nyuma alikuwa akipata mabaki, akanyamaza kwa heshima. Jambo lililomuumiza Baba ni kwamba kwenye zamu za wengine hakukuwa na malalamiko hata moja. Kwenye zamu yako wewe na anayekufuata mnasimama naye pale tunduni, mnamkumbusha. Kwenye zamu yake mwenyewe hakuna aliyewahi kwenda kumsimamia. Kwa nini wamsimamie mzee Eliufoo?

Kikao kiliitwa, nami nikapelekewa habari nikapanda. Baba alisimama akanyoosha mkono, akasema saa ndiyo iliyopima, si yeye. Bartholomeo naye ana saa ya namba kama ile. Akaziweka sambamba, akazibonyeza kwa pamoja, wazee wakaziinamia. Waliziacha kwa muda wa kama nyimbo mbili hivi. Zilikwenda sawa mpaka nukta. Bartholomeo akasema kwa upole kabisa kwamba saa ni nzima, na wote wakamtazama Baba. Mzee mmoja akaniuliza mimi, kama fundi, nasemaje. Nikajibu kwamba saa ni nzima.

Walimtoza mbuzi, wakamtaka aukabidhi ule mti. Ulikuwa umeegemea ukutani karibu na mlango, sehemu ya kushikia imelainika kwa kiganja chake. Aliuchukua mwenyewe akampa Bartholomeo kwa mikono miwili, akamwonyesha namna ya kuuinamisha ili udongo usiingie tunduni. Hakuna aliyezomea, Dada. Ingekuwa afadhali wangezomea.

Nilidhani atakasirika, aape, aseme ameonewa. Baba unayemjua, yule wa zamani, angefanya hivyo. Huyu siku ya nne alikwenda kwa mama Stumai akamwomba msamaha, na Jumapili akasimama kanisani akaomba msamaha wa usharika. Aliponieleza sababu nilishindwa kumtazama. Alisema amewaza sana. Saa ni nzima, imepimwa mbele ya wote, na mwanawe fundi amethibitisha. Mama Stumai hasemi uongo. Basi kilichobaki ni kichwa chake. Lazima alikuwa amekaa pale ndivani muda mrefu, akili imeondoka, akaiba maji ya mjane bila kujijua.

Tangu hapo amekuwa hivyo. Anamuuliza Mama kama ameshakula. Akifunga mlango anarudi kuutikisa, akifika kitandani anarudi tena. Shambani haendi peke yake, anasema anaweza kukata mahindi akidhani ni magugu. Hela ya sadaka anampa Mama ashike. Jana alitaka kunisimulia habari ya Mgiriki na vitoroli, ile ambayo tumeisikia mara mia, akafika katikati akasimama, akasema pengine haikuwa hivyo, pengine anabuni. Nami nakuhakikishia hakukosea hata neno moja.

Sasa Dada, nakuja kwenye lile aliloniagiza nisikufiche.

Baba hana ugonjwa wa kusahau. Zile saa za namba, sehemu yake ya kupimia, inahesabu mpaka dakika hamsini na tisa na sekunde zake, halafu inarudi sifuri na kuanza upya. Saa moja haiionyeshi kabisa. Ile ya Mgiriki ilikuwa na kiduara cha kuweka masaa, hii haina. Siku ile ya ukungu alipopanda kutoka kuziba mfereji akaona ishirini na kitu, ilikuwa saa moja na dakika ishirini na kitu. Akangoja saa nyingine itimie, kwa uaminifu wake wote. Kwenye kikao wakazipima saa kwa nyimbo mbili. Nani angekaa saa nzima anaitazama saa?

Na mimi nilijua. Sikugundua baadaye, nilijua kabla sijamvalisha. Mwezi wa tano dereva mmoja wa lori alinirudishia saa yake akilalamika inamrudisha nyuma, nikamcheka mbele ya watu, nikamweleza inavyohesabu, tena kwa maringo. Siku namwonyesha Baba vifungo nililikumbuka jambo hilo, likaja mpaka ulimini. Lakini alikuwa anacheka, na nilijua nikimwambia hii haiwezi kupima saa moja ya maji, atasema basi nirudishie yangu.

Na yake haipo, Dada. Hakuna kipuri kinachotoka Nairobi, hakijawahi kuwepo. Sikuwahi kufungua saa ya namna ile maishani mwangu. Ningesema hivyo tangu siku ya kwanza, Baba angeipeleka kwa yule fundi mzee wa Moshi na leo ingekuwa inatembea. Lakini alikuwa ameniita fundi mbele ya wauza machungwa. Nikaifungua palepale mezani, nikaondoa daraja la kwanza, vile vibao vinavyoshikilia magurudumu, nikaondoa la pili, na lile la tatu nilipoligusa tu springi moja nyembamba kama unywele ikaruka ikaingia mchangani. Nilichekecha mchanga wa stendi kwa chujio la chai siku mbili. Sehemu zilizobaki nilijaribu kuzirudisha, nikavunja jino la gurudumu. Nilizipeleka Moshi mwishoni, kwa siri. Yule mzee aliweka lenzi jichoni, akatazama, akazimimina tena kwenye kopo bila kunitoza kitu. Akaniambia angeweza kuunganisha saa, hawezi kuunganisha kisichokuwepo. Ziko hapa mbele yangu ninapoandika, kwenye kopo la dawa ya viatu. Uso wake ni mzima, umeandikwa vizuri kama siku ile ulipokuwa ukituhesabia mapigo.

Nimepanda Mhezi Jumamosi tano tangu kikao, na kila mara nimeondoka hapa nimeyapanga maneno. Nikifika, yeye ndiye anayenitangulia kuomba radhi, eti ameniaibisha mimi fundi niliyempa saa nzuri. Hapo maneno yanaisha. Nimejaribu kwa Kiswahili na kwa Chasu. Nimejaribu kumwambia Mama kwanza, nikaishia kumtengenezea jiko. Sijui mtu anafanyaje jambo hili, na sina nguvu ya kulifanya.

Nakuomba hivi. Ukijibu, usimjibu Baba kuhusu dawa. Mwandikie yeye, kwa jina lake, umweleze yote, habari ya kurudi sifuri na habari ya kopo, kwa maneno yako, bila kunipunguzia. Unajua utaratibu wa nyumbani: barua yako ikifika haifunguliwi mpaka nipande, wanakaa wote na kumwita mama Stumai pia, kwa sababu anapenda habari zako, nami ndiye ninayeisoma kwa sauti. Maneno yangu yamenishinda kutoka, lakini yako nitayasoma. Ukiona siaminiki hata kwa hilo, na sitakulaumu, itume kwa Bartholomeo aje aisome yeye.

Fanya haraka, Dada. Barua kutoka huko inachukua wiki tatu, na kila Jumamosi namkuta amepungua kidogo.

Mama anakusalimu sana, na anasema Ikupa asikose kuota jua la asubuhi. Msalimie shemeji, mwambie viazi vyake vilifika. Baba naye anakusalimu. Nilipokuwa nashuka jana alinifuata mpaka kwenye njia panda, akatazama mkono wake, akaniambia nikuandikie kwamba saa niliyompa bado inakwenda vizuri kabisa.

Mimi mdogo wako,
Melkizedeki Eliufoo